Kaseti Niliyomnyang'anya Mwanangu

Nianze kwa kukiri, msomaji usije ukadhani najivika joho la hakimu. Mwaka 2004, hapa kwetu Sale, nilikuwa mmoja wa wazee watano tulioketi chini ya mti tukaamua kwamba redio ya kijana mmoja ichukuliwe. Wazo lilikuwa langu. Muhtasari niliuandika mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na mwandiko wangu unasomeka. Na kijana mwenyewe alikuwa mtoto wa marehemu kaka yangu, yaani kwa mila na kwa damu ni mwanangu, naye akiniita baba mdogo.

Alikuwa amerudi kutoka Mererani, alikokuwa mwanaapolo katika machimbo ya tanzanaiti. Utajiri hakuupata. Alirudi na kikohozi, viatu vya ngozi, na redio kaseti kubwa yenye deki mbili, inayokula betri kubwa sita. Jioni aliiweka juu ya gogo karibu na mashine ya kusaga, na kabla giza halijaingia vijana wa kijiji kizima walikuwa pale, pamoja na mabinti waliotumwa kusaga na ambao unga wao ulianza kuchelewa kufika nyumbani. Kaseti iliyopigwa ilikuwa ile ile kila siku. Ilikuwa imerekodiwa kutoka kaseti nyingine, nayo hiyo kutoka nyingine, na juu yake pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: SHON POLO.

Katika kikao chetu mzee mmoja aliuliza swali moja tu la maana lililoulizwa siku ile. Alisema, "Mwalimu, wewe unajua Kiingereza. Huyo mtu anasema nini?" Nikajibu bila kusita, "Ni matusi matupu." Ndugu msomaji, sikuwa nimeelewa hata neno moja. Nilikuwa nimefundisha Kiingereza cha shule ya msingi kwa miaka 25, na mtu yule angeweza kuwa anasoma bei za sukari na mafuta ya taa nami nisijue. Lakini wazee walitikisa vichwa, kwa kuwa Mwalimu kasema, na redio ikabebwa hadi stoo ya nyumbani kwangu, kaseti ikiwa bado imo ndani. Siku ya tatu kijana alipanda basi la Arusha. Hakuniaga.

Nisingeyafukua haya kama si mkutano wa wazazi uliofanyika mwaka jana. Nilikaa nikasikiliza hotuba zetu za mwaka 2004 zikisomwa upya neno kwa neno, ila redio imekuwa simu na Jamaika imekuwa singeli. Muziki wa kihuni. Unaharibu watoto. Si utamaduni wetu. Nilipoomba nafasi nikasema kwamba yafaa kwanza tuusikilize huo muziki ndipo tuuhukumu, niliambiwa kwamba Mwalimu amezeeka na sasa anajipendekeza kwa vijana, na mwenyekiti akapita kwenye ajenda ya madawati. Basi jibu langu ni hili, na madhali mkutanoni nilinyimwa dakika tano, nimeamua kulichapa kwa pesa yangu mwenyewe, ambapo hakuna mwenyekiti.

Nasema hivi: sisi wazee hatukuchukia matusi. Matusi tumeyazoea tangu utotoni. Anayebisha na anieleze nyimbo za usiku wa harusi na za jandoni zinasema nini, na azieleze mbele ya wakwe zake. Tulichokichukia ni kuketi karibu na jambo tusilolielewa huku watoto wetu wakilifurahia. Aibu ya kutoelewa ni chungu kwa mtu mzima, hasa kwa mwalimu, na njia rahisi ya kuitapika ni kuiita hasira ya maadili.

Ushahidi ninao, tena wa nyumbani kwangu. Nilifunga ndoa mwaka 1986. Baada ya kanisani tulicheza muziki wa gramafoni, na wimbo ulioombwa mara nyingi kuliko zote ulikuwa "Mario" wa Franco Luambo na TPOK Jazz, uliokuwa umetoka mwaka uliotangulia. Bibi harusi alicheza. Mchungaji aliyetufungisha alitingisha mguu chini ya meza, nilimwona. Miaka mingi baadaye dereva mmoja wa lori, mtu wa Bukavu, ndiye aliyenieleza kwamba Mario ni kijana mwenye elimu zake anayekaa kwa mama mtu mzima mwenye fedha, akilishwa na kuvishwa. Huo ndio wimbo wa ndoa yangu takatifu. Na huyo huyo Franco, tuliyemwita bingwa wa muziki wa heshima tulipokuwa tukiwakaripia vijana, mwaka 1978 serikali ya Zaire ilimfunga jela kwa sababu ya nyimbo za aibu alizozisambaza kwa kaseti. Hatukujua, kwa kuwa Kilingala hatukukijua, na kwa kuwa hatukukijua tulikiona kitamu. Kijamaika nacho hatukukijua, ila yeye tukamwona mhuni. Tofauti iko wapi? Tofauti ni kwamba kwa Franco tulikuwa na miaka 30 na viuno vinafanya kazi.

Tena si mara ya kwanza nchi hii kuwafundisha watu adabu kwa kuwavua kitu. Mwaka 1968 serikali iliendesha kampeni ya kuwavalisha Wamaasai suruali. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka jirani yetu, mzee wa Kimaasai aliyemjua baba yangu kwa jina, akizuiwa kupanda basi kwa sababu ya rubega na ule udongo mwekundu mwilini. Alisimama pembeni na fimbo yake, basi likaondoka, vumbi likamkuta pale pale. Tarehe 1 Januari 1969 ikaanza Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU, ikakataza sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Hoja ilikuwa utamaduni wa taifa. Sasa nauliza: Mmaasai alizuiwa kupanda basi kwa kuwa alishika mno utamaduni wake, na kijana wa mjini alikamatwa kwa kuwa aliuacha. Mtu afanye nini ili awe Mtanzania anayekubalika, asimame uchi katikati ya barabara?

Sisi Batemi tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Majirani walitupa jina la Wasonjo, na wazee wanaeleza kwamba ni jina la ngwara, zile kunde tunazolima. Tumeishi na jina hilo katika ramani, vitabu na fomu za serikali, watu tulioitwa kwa jina la mboga na waliotutazama kwa mbali. Nyimbo zetu za sherehe za Mase, za kumtukuza Ghambageu, nilipokuwa kijana niliambiwa na walimu wangu wa dini kwamba ni ushetani, na aliyeniambia hakuwahi kuzikaa usiku mmoja akazisikia hadi mwisho. Nikaziacha. Kisha nikakua, nikapewa kiti cha mzee, nikafanya vile vile kwa mwanangu.

Nije kwenye kaseti yenyewe. Mwaka juzi nilikuwa nasafisha stoo ili nipate pa kuweka mahindi nikaikuta redio chini ya magunia. Panya walikuwa wametafuna waya lakini sehemu ya betri ilikuwa nzima. Nilinunua betri sita, nikasafisha kichwa cha deki kwa kitambaa na spiriti, nikabonyeza. Ilianza kwa sauti ya mtu anayeongea usingizini, kisha ikashika mwendo. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, anasoma sekondari. Alitafuta maneno ya nyimbo katika simu na tukaketi wawili, yeye akisoma, mimi na miwani yangu, jioni tatu mfululizo.

Mwimbaji ni Sean Paul, na albamu yenyewe inaitwa Dutty Rock, ilitoka Novemba 2002. Mwaka 2004, mwaka ule ule tulipokaa chini ya mti, ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rege. Mimi nilimfikiria kama mvuta bangi wa kijiweni asiye na kwao. Kumbe alizaliwa Kingston mwaka 1973 katika familia yenye uwezo, mama yake mchoraji wa picha, na kabla ya muziki aliichezea timu ya taifa ya Jamaika mchezo wa mpira wa majini. Nilicheka peke yangu. Angekuja Sale kwa suti, tungempa kiti cha mbele.

Nilichogundua kuhusu namna muziki huu unavyotengenezwa ndicho kilichonikalisha kimya. Tangu miaka ya 1950 watu wa Kingston walizoea kutoa mitaani maspika makubwa kama makabati na kupiga sahani za santuri, watu wakacheza uwanjani kwa kiingilio kidogo. Baadaye wapigaji wakaanza kuongea na kughani juu ya muziki usio na maneno. Mdundo mmoja, ambao wao huuita riddim, hautolewi kwa mwimbaji mmoja tu. Unatengenezwa, kisha kila mwenye kinywa anakuja na maneno yake kuyaweka juu yake. Mwaka 1985 mdundo ulioitwa Sleng Teng uliigeuza Jamaika nzima, na asili yake ni kinanda kidogo cha Casio, mapigo yaliyokuwa yamewekwa humo kiwandani na binti wa Kijapani, Okuda Hiroko, aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa. Katika kaseti yangu wimbo uliokuwa ukiwarusha vijana kuliko zote, "Get Busy", ambao Mei 2003 ulishika namba moja Marekani, umewekwa juu ya mdundo uitwao Diwali wa Steven Marsden, anayejulikana kama Lenky. Ni makofi tu na ngoma ya chini. Na juu ya makofi hayo hayo, wakati ule ule, Wayne Wonder aliweka wimbo wa mapenzi wa taratibu, na Lumidee, msichana wa New York, akaweka wake. Nyimbo zote zikavuma, na hakuna aliyemshitaki mwenzake kwa wizi.

Sasa niambie, wewe mwenzangu wa Sale, hili hulijui? Mfereji wetu ni mmoja, maji yanatoka chemchemi moja, wenamiji wanagawa zamu, na kila mtu anayapeleka shambani kwake akapande anachopenda. Hakuna anayesema maji ya jirani ni ya wizi kwa kuwa na yeye anayo. Au nenda jioni kwenye boma la jirani zetu. Morani wananguruma kooni, ule mngurumo ndio ngoma yao, kisha olaranyani anapandisha sauti juu yake, na baada yake mwingine anaingia na beti zake mwenyewe: ng'ombe wake, ushujaa wake, msichana wake. Kujisifu, mapenzi, kumrushia maneno mpinzani. Nilipoisikiliza kaseti upande mzima nilijikuta nikisema kwa sauti, "Huyu ni olaranyani." Mjukuu akaniangalia kwa wasiwasi kidogo.

Sitaki lakini kuandikwa kwamba nimeokoka. Kijana atakayeniambia albamu ile yote ni dhahabu nitambishia papo hapo. Wimbo uitwao "Gimme the Light" ni wa kuwasha bangi, na hakuna tafsiri itakayougeuza kuwa zaburi. Wanawake wanaitwa waje, wageuke, wacheze, na katika nyimbo nyingi hakuna anayewauliza jina. Nina binti, hilo lilinikera nami nasema lilinikera. Tena albamu ni ndefu mno: ukiisikiliza kitini, bila kucheza, kufikia nusu yake unajisikia kama mtu anayelamba chumvi bila chakula, kwani imetengenezwa kwa miguu wala si kwa kiti. Hayo ni malalamiko yangu halali, na nimeyapata kwa kusikiliza. Mwaka 2004 ningeyajua haya ningeweza kwenda pale kwenye mashine nikamwambia mwanangu, "Huu wimbo wa pili wa makofi ni mzuri, ule wa bangi usiupige watoto wakiwepo." Pengine angenicheka. Pengine angenisikia. Kwa "matusi matupu" hakuwa na la kunijibu zaidi ya kupanda basi.

Wapo watakaosema, sawa, lakini nyimbo zetu zinakufa. Ni kweli zinakufa. Nani kaziua? Sean Paul hajafika hapa. Sisi ndio tulioziacha tukaona haya nazo, tukazibakiza kwa siku za sherehe na kwa watalii wenye kamera, shuleni hatukuzifundisha, na nilikuwa mwalimu hapo, najua nisemalo. Mwanamume aliyeacha ghala lake wazi asimlaumu mpita njia. Waliofanya kinyume chetu ni hao hao wahuni: kundi la X Plastaz la Arusha lilimchukua Merege, mwimbaji wa Kimaasai, likaiweka sauti yake ya bomani katikati ya hip hop, na mwaka 2004 albamu yao ya Maasai Hip Hop ikatoka na kusikika hadi Ulaya. Mwaka huo huo tena. Wakati wao wakiichomeka sauti ya huku kwetu ndani ya muziki wa dunia, mimi nilikuwa naandika muhtasari wa kikao.

Na marufuku zenyewe zinazaa nini? Mwaka 2018 BASATA iliufungia wimbo wa "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Wiki ile ile watoto wa hapa, ambao hata mtandao wa simu walikuwa wakiutafuta kwa kupanda kilimani, walikuwa nao.

Mwanangu nilimwona tena mwaka 2011, wakati wa kikombe cha Babu wa Samunge. (Habari za kikombe zinahitaji kitabu chake. Aliyeishi hapa mwezi Machi mwaka ule anajua foleni ile ya magari ilikuwaje, na maji ya kunywa yaliuzwa kwa bei gani.) Alikuwa utingo wa Kosta iliyoleta wagonjwa kutoka Arusha. Nilikuwa kando ya barabara nauza mahindi ya kuchoma, mwalimu mzima, nilipoyasikia yale makofi yakitoka ndani ya gari. Ndani kulikuwa na wagonjwa waliokuwa wamekaa njiani siku mbili. Bibi mmoja aliyefungwa kitambaa kichwani alikuwa akitingisha kidole gotini, macho amefumba, akifuata mdundo. Kijana aliteremka akaja hadi niliposimama.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Akanunua mahindi mawili, akalipa, akakataa chenji. Kisha akauliza, "Redio yangu ipo?"

"Ipo."

"Itunze," akasema, akarudi garini, foleni ikasogea.

Sikumwomba radhi siku ile. Nilijiambia kulikuwa na watu wengi.

Nilimpigia simu mwaka juzi, siku ile ya tatu ya kusikiliza. Sasa ana gari lake dogo la abiria huko Arusha na watoto wanne. Nilimwambia nimeifungua redio, nimeisikiliza kaseti, na kwamba kikaoni nilisema uongo. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza, "Upande wa pili umesikiliza?" Sikuwa nimegeuza kaseti. Kwa miaka yote ile na kwa jioni zote tatu sikuwa nimefikiria kwamba ina upande wa pili.

Upande wa pili hakuna Jamaika. Alikuwa amebonyeza kitufe cha kurekodi jioni moja pale kwenye mashine ya kusaga, na mlio wa mashine unasikika mwanzo mpaka ilipozimwa. Baada ya hapo ni vijana wetu wanaimba. Ni nyimbo zetu za Mase, zile nilizoziacha, na wanapiga yale makofi ya "Get Busy" juu yake, wanakosea, wanaanza upya, na mmoja anaghani kwa Kitemi kuhusu wazee fulani watano wanaopenda vikao, kwa majina. Langu limo. Wawili wa waimbaji wamekwisha kufa. Niliwatambua kwa sauti. Katikati kuna msichana anacheka, cheko refu la kukata pumzi, na mwenzake anamwambia anyamaze, baba yako atasikia.

"Babu," mjukuu akauliza, "huyo anayecheka ni nani?"

Nikamwambia ni mama yake, na kwamba siku hiyo alitumwa kusaga debe moja la mahindi.

Redio iko mezani kwangu sasa, haipo stoo tena. Mwanangu amesema atapita kuichukua mwezi wa nane, barabara ikiwa kavu kule Engaresero, na ameniagiza nitafute mkanda mpya wa deki ya kushoto kwa sababu ule wa zamani umelegea. Fundi wa Waso anasema hana, nijaribu Karatu.